Hakuiba Hata Faranga Moja



Kila mara muda wa halmashauri ya vijana unapokwisha katika parokia zetu za Kisangani, mambo huenda kwa namna ile ile. Baada ya Misa ya pili tunabaki kanisani, padri anaketi mbele, majina yanaandikwa ubaoni, na katika muda wa nusu saa tumekwisha kumpata mwenyekiti, makamu wake, katibu na mtunza hazina. Tunapiga makofi, tunawaombea, tunarudi nyumbani. Kuchagua tunajua. Lakini hao tuliowachagua wamejifunza wapi kazi tuliyowakabidhi? Na sisi tuliowachagua, nani ametufundisha kuongozwa?

Tunauliza kwa sababu jambo hili limetupata wenyewe, na hatutaki kulificha.

Miaka michache iliyopita kikundi chetu kilikuwa na mwenyekiti hodari sana, na tunalisema hilo bila kejeli. Yeye ndiye aliyefungua ukumbi na kuufunga. Yeye aliyejua nani ametoa mchango na nani bado. Yeye aliyezungumza na paroko, aliyekodi viti, aliyetunga ratiba ya mazoezi ya kwaya na kumpigia simu kila aliyechelewa. Mfuko wetu wa magonjwa na matanga, ambao kila mwanachama aliutolea kidogo kila Jumapili, aliutunza yeye, ingawa mtunza hazina alikuwapo kwa jina. Tulimpenda, na tulimwachia yote, maana kumwachia mtu hodari ni raha kubwa. Kisha akapata kazi Bunia, akaondoka kabla ya wiki kwisha.

Baada ya miezi miwili mmoja wetu akafiwa na mama yake, ng'ambo ya mto, Lubunga. Ilitupasa kuvuka na sukari, kahawa, turubai na chochote cha kusaidia jeneza. Tukauliza mfuko una kiasi gani. Hakuna aliyejua. Tukauliza uko wapi. Hakuna aliyejua. Simu ya Bunia ilipopatikana jioni, ndugu yetu alijibu kwa uaminifu kabisa: sehemu ya fedha aliwakopesha wanachama watatu, ambao wawili aliwakumbuka majina, sehemu nyingine ilikuwa kwa mama mmoja mfanyabiashara wa soko kuu aliyekubali kuitunza. Hesabu alikuwa nayo kichwani, na nyingine katika simu iliyokwisha kuharibika. Ikatubidi kusimama mlangoni pa kanisa na kikapu, tukikusanya upya kwa ajili ya mwenzetu fedha ambazo mwenyewe alikuwa amezichangia kwa miaka mitatu.

Hakuiba hata faranga moja. Hilo ndilo linalotuuma hadi leo. Angalikuwa mwizi, tungalisema tatizo ni mwizi, tukamchagua mtu mwema na kuendelea kama zamani. Lakini alikuwa mtu mwema, na mama wa watu akazikwa bila msaada tuliomwahidi.

Mwaka 1939, mbali sana na Mto Kongo, mwanasaikolojia Kurt Lewin pamoja na wenzake Ronald Lippitt na Ralph White walichapisha matokeo ya uchunguzi walioufanya katika Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani. Lewin alikuwa Myahudi aliyeihama Ujerumani mwaka 1933, Hitler alipotwaa madaraka, kwa hiyo swali la nani aamuru na kwa namna gani halikuwa mchezo kwake. Waliwakusanya wavulana wenye umri wa miaka kumi hivi katika vikundi vidogo vya kazi za mikono, kama kutengeneza vinyago vya michezo ya kuigiza, na kila kikundi kikapewa kiongozi mtu mzima. Kiongozi wa namna ya kwanza aliamua kila kitu mwenyewe, akitoa hatua moja moja bila kueleza inakokwenda. Wa namna ya pili alijadiliana na watoto, akawaonyesha kazi nzima tangu mwanzo, akawaacha wagawane majukumu. Wa tatu aliwaacha wafanye wapendavyo.

Waliochunguza waliona mengi, lakini moja linatuhusu kuliko yote. Kiongozi anayeamuru alipotoka chumbani, kazi ya kikundi chake ilianguka mara moja. Yule aliyejadiliana alipotoka, watoto wake waliendelea karibu kama kwamba bado yupo. Tena katika vikundi vya amri watoto walikuwa ama wanyonge kupita kiasi ama wakali wao kwa wao, wakimtafuta mmoja wa kumwonea. Na tusisahau kile kikundi cha tatu, kilichoachwa bila mwongozo: kilifanya kazi kidogo, na watoto wenyewe hawakuridhika. Wapo kati yetu wanaodhani kwamba dawa ya kiongozi mwenye mabavu ni kutokuwa na kiongozi. Wavulana wa Iowa hawakuliona hivyo.

Tuliposoma habari hizo tulikumbuka ile safari ya Bunia. Mwenyekiti wetu alikuwa ametoka chumbani.

Sasa, mji wetu haukosi wasomi wa mambo haya. Chuo kikuu kilianzishwa hapa mwaka 1963, kwa juhudi za makanisa ya Kiprotestanti, kikiitwa Chuo Kikuu Huria cha Kongo. Mwaka 1971 kikaunganishwa na vingine kuwa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire. Tangu 1981 ni Chuo Kikuu cha Kisangani. Ndugu zetu wengi wanasoma huko, au katika vyuo vingine vya mji, sayansi za siasa na uendeshaji, saikolojia ya kazi, uchumi. Ukimwuliza mmoja wao akutajie kazi tano za mwendeshaji kwa mujibu wa Henri Fayol, atazitaja bila kupumua: kutazamia, kupanga, kuamuru, kuratibu, kudhibiti. Amezikariri katika silabasi aliyoinunua, na ataziandika siku ya mtihani. Mwambie aongoze mkutano wa vijana ishirini kuhusu safari ya hija, na saa mbili baadaye mnatoka bila kujua nani atakodi gari.

Kosa si la Fayol. Mtu huyo alikuwa mhandisi wa migodi ya makaa, akapewa mwaka 1888 kuendesha kampuni iliyokuwa karibu kufilisika, akaiendesha miaka thelathini hadi ikasimama imara. Kitabu chake mashuhuri kilitoka mwaka 1916, alipokuwa mzee wa miaka sabini na mitano. Nadharia ile ilipanda kutoka shimoni ikiwa na vumbi la makaa. Sisi tunaipokea kwenye karatasi, safi, kama orodha ya miji mikuu ya dunia, kisha tunashangaa kwamba haitusaidii. Lakini Fayol mwenyewe ndiye aliyelalamika kwamba shule za wahandisi zilifundisha hisabati nyingi na hazikufundisha uendeshaji hata kidogo. Aliamini kwamba kazi ya kuongoza inaweza kufundishwa, tena ifundishwe tangu shule za watoto. Hapo tuko pamoja naye.

Tunawapinga, basi, wa pande mbili. Tunampinga msomi anayedhani kukariri ni kujua. Na tunampinga pia yule mzee wa kikundi, au kijana mwenye tabia za mzee, anayesema kwamba uongozi ni kipaji, mtu huzaliwa nao, vitabu ni vya Wazungu. Mwanasosholojia Max Weber aliandika kwamba watu hutii mamlaka kwa misingi mitatu: kwa sababu ya mapokeo, kwa sababu ya sheria, au kwa sababu ya mvuto wa pekee wa mtu fulani. Neno alilotumia kwa huo mvuto, karizma, alilitwaa katika lugha ya Kanisa, maana yake kipaji cha neema. Weber hakukidharau kipaji. Alichosema ni kwamba mamlaka ya namna hiyo hupata shida kubwa siku mwenye kipaji anapoondoka. Basi anayetegemea kipaji pekee amekwisha kuandaa shida ya kesho yake.

Tutazame mtu wa hapa kwetu. Patrice Lumumba alifika Stanleyville, ndilo jina la zamani la mji huu, akiwa kijana wa miaka kama kumi na tisa, na hakuwahi kuingia chuo kikuu. Alipata mafunzo ya posta Léopoldville, akarudi kuwa karani wa posta hapa. Wakoloni hawakuruhusu vyama vya siasa. Walichoruhusu ni vyama vya watumishi, vya wanafunzi wa zamani wa shule za misheni, vya wale walioitwa walioendelea. Lumumba akaingia humo kwa nguvu zote, akawa mwenyekiti au katibu wa kadhaa kwa wakati mmoja. Humo alijifunza kuandika barua kwa wenye mamlaka, kuitisha mkutano, kuandika muhtasari, kutetea mshahara wa mwenzake, kushindwa kwa kura na kurudi tena. Alipoongoza chama cha Mouvement National Congolais kuanzia Oktoba 1958, na serikali ya kwanza ya nchi huru tarehe 30 Juni 1960, shule yake ilikuwa ile ya vyama vya Stanleyville. Nchi nzima wakati ule ilikuwa na wahitimu wa chuo kikuu wasiofika thelathini.

Lakini tukimtaja tumtaje mzima. Mwaka 1956 alikamatwa, kisha akahukumiwa kifungo kwa kutumia fedha za posta. Mwenyewe alikiri kuzichukua, na wanaomtetea hutaja udogo wa mshahara wa karani mwafrika uliotakiwa kulisha maisha ambayo mkoloni alimwambia ayaishi. Tunaukubali utetezi huo kwa sehemu. Hata hivyo tunawasimulia vijana habari hii, ambayo wengi huiruka, kwa sababu inaonyesha kwamba mtu mwenye akili nyingi na moyo wa kuwatumikia watu wake anaweza kujikwaa kwenye sanduku la fedha, na kwamba anayetunza sanduku peke yake amewekwa mahali pa hatari hata kama ni shujaa. Tunapomwachia kijana wa miaka ishirini fedha za wote bila shahidi wala daftari, tunadhani tunamheshimu.

Wala daftari si jambo la vikundi vidogo tu. Sote tunajua siku sita za Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana katika mitaa yetu. Wengi wenu mlizaliwa baadaye, lakini makaburi mmeyaona. Mwezi Februari 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamuru Uganda ilipe Kongo dola milioni 325 kwa madhara ya vita ile nzima, na mfuko wa kuwalipa waathirika ukawekewa makao hapa Kisangani. Tangu hapo tumesikia zaidi habari za magomvi juu ya usimamizi wa fedha kuliko habari za waliolipwa. Mwezi Septemba 2025 aliyekuwa Waziri wa Sheria alihukumiwa mjini Kinshasa katika kesi ya dola milioni 19 zilizosemwa ni za kujenga gereza katika mji huu. Hakuna hata mmoja wa waliohusika aliyeanza maisha akiwa waziri au mjumbe wa kamati ya taifa. Kila mmoja aliwahi kuwa kijana katika kikundi fulani, akaona jinsi sanduku la kikundi linavyotunzwa.

Kuna wanaotujibu: Kanisa si kampuni, msituletee mambo ya viwanda. Tunakubali kwamba Kanisa si kampuni. Lakini katika kitabu cha Kutoka, Musa aliyezungumza na Mungu uso kwa uso alikaa tangu asubuhi hadi jioni akiamua mashauri ya watu peke yake, na aliyemkomesha alikuwa Yethro, baba mkwe wake, kuhani wa taifa jingine. Alimwambia kwamba atajichosha yeye na kuwachosha watu, akamshauri aweke wakuu wa maelfu, wa mamia, wa hamsini na wa makumi, na kuwafundisha. Musa hakuona haya kufundishwa uendeshaji na mgeni. Na katika Matendo ya Mitume, wajane waliposahauliwa katika mgawo wa kila siku, mitume hawakuhubiri juu ya subira. Waliita mkutano, jamaa ikachagua watu saba wenye sifa njema, kazi ikagawanywa. Papa Pius XI alipoandika mwaka 1931 juu ya kanuni ya auni, kwamba jambo linaloweza kufanywa na kundi dogo lisinyang'anywe na kubwa, alikuwa anasema juu ya dola na jamii. Lakini kanuni hiyo inamhusu pia mwenyekiti asiyemwachia katibu wake hata ufunguo. Nayo Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 inataka kila parokia iwe na baraza la fedha. Kama paroko mwenyewe anatakiwa kutotunza peke yake, sisi ni nani?

Wala si lazima kwenda mbali. Panda juu ya maporomoko uwatazame wavuvi Wagenia. Miti mikubwa imesimamishwa katikati ya maji yanayounguruma, imefungwa kwa kamba za msituni, na makapu makubwa yananing'inia humo. Hakuna mtu mmoja awezaye kusimamisha mti mmoja wa namna ile. Kila jamaa inajua mahali pake, na kijana hujifunza akiwa mtumbwini, kasia mkononi. Mzee akifa leo, kesho makapu yanashushwa. Tungependa mwanafunzi mmoja wa chuo achague hilo kuwa utafiti wake.

Tunaomba nini basi? Kwanza, kwamba wanaosoma nadharia hizi chuoni wazilete katika kikundi, kwa Kiswahili na kwa Lingala, si kwa Kifaransa cha muhtasari ambao nusu ya wanachama hawausomi. (Ni ajabu yetu ya Kisangani: tunasali kwa Kiswahili, tunabishana kwa Lingala, tunaandika kwa Kifaransa, halafu tunauliza kwa nini hatuelewani.) Jambo lile la wavulana wa Iowa linaweza kuelezwa kwa dakika kumi, na kujaribiwa katika maandalizi ya sikukuu moja. Pili, kwamba kila mwenye wadhifa awe na wa kujifunza kando yake tangu siku ya kwanza, na kwamba msichana asipewe daima mapokezi na jikoni huku sanduku na kalamu vikibaki kwa wavulana. Tatu, na hapa hatutaki mjadala, kwamba makabidhiano yafanywe kwa maandishi mbele ya wote. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Yetu iliisha hivyo hivyo.

Kanuni zilizoandikwa zina faida nyingine ambayo katika mji huu hatuwezi kuinyamazia. Tangu mgogoro wa ardhi kati ya Wambole na Walengola ulipolipuka Lubunga mwaka 2023, watu wengi walihama makwao, na watoto wa pande zote mbili wanaketi nasi katika benchi moja la kwaya. Mahali ambapo kila kitu kimo kichwani mwa mwenyekiti, watu huuliza kwanza mwenyekiti ni wa kabila gani. Mahali ambapo mgawo unasomwa kwa sauti na jina la kila aliyepewa limo daftarini, swali hilo halikomi, lakini hupungua nguvu. Hatudai zaidi ya hapo.

Kikundi chetu kilifanya makabidhiano yake ya kwanza ya namna hiyo mwaka huu. Yalichukua saa mbili na nusu, na walionung'unika walikuwa wengi, kwa sababu jua lilikuwa kali na wengine walikuwa na mechi alasiri. Mtunza hazina aliyemaliza muda alisoma kila mstari: waliotoa, waliokopa, tarehe, kilichonunuliwa. Fedha zilihesabiwa juu ya meza. Mwishoni, alipotangaza jumla na wote kujiandaa kupiga makofi, msichana wa miaka kumi na sita aliyekaa nyuma aliinua mkono, akasema kwamba amekuwa akijumlisha kwenye daftari lake la shule na kwamba zinapungua faranga 4,500. Watu waliguna. Mtunza hazina aliona haya, lakini akafungua upya ukurasa wa kwanza, wakahesabu pamoja, mstari kwa mstari. Ilikuwa michango ya Jumapili moja ya mwezi wa tatu, iliyoandikwa mara mbili. Akaikata kwa kalamu nyekundu, akaandika kiasi sahihi pembeni, wote wawili wakatia sahihi.